MAHUJAJI WA CANTERBURY WAPANDA JUKWAANI

Leo twataka kuwaeleza habari za kitabu cha kale cha Kiingereza, kilichotungwa zaidi ya miaka 600 iliyopita, na jinsi kilivyogeuzwa kuwa mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo na ngoma. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa London mwaka 1968, ukadumu karibu miaka 5. Kitabu chenyewe chaitwa Hadithi za Canterbury, na mtungaji wake ni Geoffrey Chaucer.

Huenda mtu akauliza, Habari hii yatufaa nini? Jibu letu ni hili. Kila taifa lina hadithi zake za kale, na kila kizazi hutaka kuzisikia upya kwa njia yake. Hapo huja swali zito: ni kitu gani katika hadithi ya wazee kisichopasa kuguswa, na ni kitu gani kiwezacho kubadilishwa? Asiyelijibu swali hilo kabla ya kuanza kazi ataiharibu hadithi kwa njia moja kati ya mbili. Ama ataiacha ilivyo, hata watu wasinzie. Ama ataikatakata, hata wenyewe wasiijue. Wale walioipeleka Canterbury jukwaani walikutana na swali hilo kila hatua, nasi tutawafuata tuone walifanyaje.

Kwanza yatupasa tumjue Chaucer mwenyewe. Alizaliwa London katika miaka ya 1340, na baba yake alikuwa mfanya biashara wa mvinyo. Alipokuwa kijana alitumika katika nyumba ya wakuu, kisha akaenda vitani Ufaransa, akatekwa. Mwaka 1360 alikombolewa kwa fedha, na Mfalme Edward wa Tatu alitoa pauni 16 katika fidia ile. Baadaye alitumwa Italia kwa kazi za serikali. Tangu mwaka 1374 hata mwaka 1386 alikuwa mwangalizi wa forodha ya sufu katika bandari ya London. Basi hakuwa mtu wa kujifungia chumbani na vitabu vyake. Kazi yake ilimkutanisha na mabaharia, wachuuzi na makarani, na masikio yake hayakulala.

Wakati ule wakuu wa Uingereza walikuwa wamezoea Kifaransa, lugha iliyoletwa na Wanormani walioishinda nchi mwaka 1066. Na wataalamu waliandika Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya watu wote, lakini wengi hawakukidhani kuwa chafaa kwa kazi kubwa. Mwaka 1362 tu ndipo ilipotolewa sheria ya kwamba mashauri ya mahakamani yasemwe kwa Kiingereza. Chaucer alijua Kifaransa, Kilatini na Kiitaliano, na hata hivyo alitunga mashairi yake makubwa kwa lugha ya nyumbani. Jambo hili msilipite upesi. Hadithi hizi tangu mwanzo zilifanywa zisikiwe na watu wa kila namna, si wasomi peke yao.

Yapata mwaka 1387 alianza kutunga kitabu tunachokisema. Msomaji aliyepata kusoma Alfu Lela Ulela ajua jinsi hadithi moja kubwa iwezavyo kuwa kama kamba, na hadithi nyingine zikatungwa juu yake kama shanga. Chaucer alifanya vivyo hivyo. Kamba yake ni safari. Mwezi wa Aprili, mvua za masika ya Ulaya zikiisha kuilainisha nchi, wasafiri 29 wakutana katika nyumba ya wageni iitwayo Tabard, huko Southwark, ng'ambo ya mto mkabala wa London. Wote waenda kuzuru kaburi la Mtakatifu Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyeuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170 na watu wa mfalme. Njia yapata maili 60, nao wasafiri kwa farasi.

Mwenye nyumba ile, Harry Bailly, ni mtu mnene wa sauti na mcheshi. Awaambia wageni wake: Safari ya kimya haina raha. Basi kila mmoja na asimulie hadithi 2 katika kwenda na 2 katika kurudi, na atakayewashinda wenziwe atalishwa chakula cha jioni kwa gharama ya wote. Yeye mwenyewe atakwenda pamoja nao awe mwamuzi. Wakakubali. Chaucer hakuimaliza kazi hiyo. Alikufa mwaka 1400, akazikwa katika kanisa la Westminster, akiacha hadithi 24, nyingine hazikukamilika.

Sasa tazameni ni watu gani waliomo katika msafara ule. Yumo askari wa cheo aliyepigana vita vingi, na mwanawe kijana apendaye nyimbo na mavazi. Yumo Mama Mkuu wa watawa, mwenye adabu nyingi mezani. Yumo mwanachuo wa Oxford, mwembamba, na farasi wake mwembamba kama yeye. Yumo Bibi wa Bath, mfumaji wa nguo, aliyekwisha kuolewa na waume 5. Yumo Mwenye Kinu cha kusagia nafaka, mtu wa nguvu awezaye kuvunja mlango kwa kichwa chake; na yumo Msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, mkondefu na mwenye hasira za upesi. Katika maisha ya kila siku watu hawa wasingeketi meza moja. Barabara ndiyo iliyowakutanisha.

Wala hawasimulii kwa zamu kama watoto darasani. Askari wa cheo akiisha kusimulia habari za mashujaa, Mwenyeji ataka amfuatishe mtawa. Lakini Mwenye Kinu amelewa, ajiingiza kwa nguvu, asema hadithi yake itafuata papo hapo, nayo ni ya seremala aliyedanganywa. Msimamizi amkataza, kwa kuwa useremala ndio kazi aliyojifunza ujanani mwake, naye aona atachekwa yeye. Mwenye Kinu hasikii, asimulia. Naye Msimamizi, akiisha kungoja kwa uchungu, alipa kisasi kwa hadithi ya mwenye kinu mwizi. Basi hadithi yamjibu mtu, na mtu ajibu kwa hadithi. Hapa ndipo penye siri ya kitabu kizima, nasi tutairudia.

Miaka ikapita, mambo yakageuka. Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru kaburi la Becket livunjwe, ziara zikakoma. Nyumba ya Tabard iliteketea mwaka 1676, ikajengwa tena, ikabomolewa mwaka 1873. Na lugha yenyewe ilibadilika. Maneno mengi ya Chaucer yalikufa, na mengine yakabaki kwa maana nyingine. Silabi zilizotamkwa zamani mwishoni mwa maneno zikanyamaza, na mizani ya mashairi yake ikawa kama imevunjika masikioni mwa watu wa baadaye. Ilipofika karne ya 20, Mwingereza wa kawaida hakuweza kukisoma kitabu kile bila mwalimu na kamusi. Hadithi zilizotungwa kwa ajili ya watu wote zikawa mali ya vyuo.

Aliyezitoa humo alikuwa mwalimu. Nevill Coghill alizaliwa Ireland mwaka 1899, akafundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford miaka mingi. Tena alipenda sana michezo ya kuigiza, akawaongoza wanafunzi wake jukwaani. Mwaka 1946 Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianzisha idhaa yake ya mambo ya elimu na sanaa iliyoitwa Programu ya Tatu. Coghill akaombwa azigeuze Hadithi za Canterbury katika Kiingereza cha leo, zipate kusomwa redioni. Mwaka 1951 tafsiri hiyo ikatokea kwa kitabu cha bei nafuu, ikasomwa kila mahali.

Basi oneni: hatua ya kwanza ya kuzitoa hadithi hizi chuoni ilikuwa redio, kabla ya jukwaa. Jambo hili lilikuwa na faida yake. Asomaye kitabu akipotea hurudi nyuma ukurasa mmoja. Asikilizaye redio hana pa kurudi. Kila neno lazima lieleweke linapotoka mdomoni. Coghill angaliweza kuandika nathari tupu, na kazi ingalikuwa nyepesi zaidi. Hakufanya hivyo. Alishika ushairi, na vina vya mistari miwili miwili kama vya Chaucer, kwa kuwa alijua kwamba katika hadithi ya kuchekesha kina ni nusu ya kicheko. Sikio husubiri kina kitokee, nacho kikitokea na neno lisilotazamiwa, mtu hucheka kabla hajajua sababu. Alibadilisha maneno, lakini mwendo aliuacha.

Hatua ya pili ilifanywa pamoja na Martin Starkie, mchezaji na mwongozaji wa michezo. Mwaka 1964 wakaonyesha hadithi kadhaa jukwaani huko Oxford. Kisha wakaja watungaji wawili wa muziki, Richard Hill na John Hawkins. Starkie na Coghill wakaandika maneno ya mchezo, Coghill akatunga mashairi ya nyimbo, na tarehe 21 Machi 1968 mchezo ulifunguliwa katika jumba la Phoenix, London. Ulichezwa mara 2,080.

Hapo twafikia swali letu. Kitabu cha hadithi 24 kinawezaje kuingia katika jioni moja? Hakiwezi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgeuzaji ni kuchagua, na katika kuchagua atajulikana ana busara au hana. Waliacha mahubiri marefu, waliacha maisha ya watakatifu, wakachukua hasa hadithi za mapenzi, hila na ndoa. Miongoni mwa walizozichukua ni ile ya Mwenye Kinu, ya Msimamizi, ya Mfanya Biashara, na ya Bibi wa Bath. Tuwaeleze kidogo kila moja, mpate kuona ni kitu gani kilichowavuta.

Ya Mwenye Kinu ni ya seremala mzee wa Oxford aliyeoa msichana. Mwanachuo apangaye nyumbani mwake ampenda mke huyo, amdanganya mzee kwamba gharika kubwa kuliko ya Nuhu yaja. Seremala maskini aning'iniza mapipa matatu darini, alala ndani ya pipa lake akingoja maji. Mengine yatokeayo usiku ule hatutayasema hapa. Yatosha kwamba mwanachuo yule aunguzwa kwa chuma cha moto na kijana mwingine aliyefanyiwa mzaha, alia kwa maumivu akitaka maji. Seremala asikia neno maji, adhani gharika imefika, akata kamba, aanguka hata chini na kuvunjika mkono. Hila mbili zilizokwenda mbalimbali zakutana katika neno moja. Fundi wa jukwaa hawezi kuiacha hadithi kama hii.

Ya Mfanya Biashara ni ya mzee tajiri, January, aliyeoa msichana aitwaye May, kisha akapofuka macho. May apanda mti wa mpea kukutana na kijana ampendaye, akikanyaga mgongo wa mumewe mwenyewe. Mara mzee arudishiwa macho yake, awaona. Naye May amshawishi kwamba macho mapya hayaoni sawasawa. Ya Bibi wa Bath ni ya askari wa Mfalme Arthur aliyehukumiwa kufa, akaahidiwa uhai wake iwapo kabla ya mwaka mmoja na siku moja atapata jibu la swali hili: Wanawake hutaka nini kuliko vitu vyote? Ajuaye jibu ni kizee mmoja, naye adai kuolewa naye kuwa ndiyo malipo. Jibu ni kwamba wataka kuwa na mamlaka. Askari akiisha kumwachia mkewe aamue mwenyewe, kizee yule ageuka kuwa kijana mzuri.

Sasa, mtu angaliweza kuzitenga hadithi hizi na kuzicheza moja moja, kila moja kama mchezo mfupi. Watengenezaji wa mchezo huu hawakufanya hivyo, na kwa maoni yetu hapa ndipo waliposhinda. Waliibakiza safari. Mahujaji wako jukwaani, na mahujaji wale wale ndio wageukao kuwa watu wa hadithi: kijana wa askari awa mwanachuo mpendaji, naye Msimamizi mwenye hasira yuko karibu akitazama. Hadithi ikiisha, wavua mavazi ya hadithi, wawa wasafiri tena, wacheka au wagombana. Mtazamaji hasahau hata dakika moja kwamba hadithi yatoka kinywani mwa mtu fulani, na mtu huyo ana sababu zake.

Nyimbo nazo zilipewa kazi yake. Katika kitabu Chaucer ana nafasi ya kumweleza mtu mistari mingi: uso wake, nguo zake, farasi wake. Jukwaani nguo huonekana mara moja, lakini moyo hauonekani. Kazi ya wimbo ni kuufunua moyo huo. Mama Mkuu, kwa mfano, katika kitabu avaa kipambo cha dhahabu chenye maneno ya Kilatini juu ya nguvu za upendo, na Chaucer hatuambii ni upendo wa Mungu au wa wanadamu. Katika mchezo maneno yale ya kipambo yakawa wimbo wake. Bibi wa Bath naye, atafutaye mume wa 6, apewa wimbo wa kuitafutia bahati yake mbele ya watu wote. Watungaji wa muziki walichanganya sauti za kale za kanisani na mapigo ya muziki wa vijana wa miaka ya 1960. Mchanganyiko huo ulifaa, kwa sababu msafara wenyewe ulikuwa mchanganyiko wa watu waendao kanisani na wasioweza kuacha pombe.

Lakini hatutasema kweli yote tusiposema pia habari za aibu. Hadithi hizi zina mambo mazito, na mgeuzaji atakayeyafumbia macho atakuwa hakuitenda haki kazi yake. Tangu mwaka 1737 sheria ya Uingereza iliamuru kwamba mchezo wowote mpya usichezwe mbele ya umma mpaka maneno yake yamesomwa na ofisi ya mkuu mmoja wa nyumba ya kifalme, aitwaye Lord Chamberlain. Ofisi hiyo ilikuwa na uwezo wa kukata neno, wimbo, au mchezo mzima. Sheria hiyo ilikoma tarehe 26 Septemba 1968, miezi 6 baada ya mchezo wetu kufunguliwa. Kwa hiyo hadithi za mtu aliyekufa mwaka 1400 zilikuwa chini ya sheria ya mchezo mpya.

Hata hivyo si kila kibaya kimo katika maneno ya matusi. Katika hadithi ya Msimamizi, Mwenye Kinu wa Trumpington awaibia unga wanachuo wawili wa Cambridge. Usiku wanachuo walipiza kisasi kwa kuwavunjia heshima mkewe na binti yake. Aliyeiba ni baba. Waliolipa ni wanawake wawili. Na hadithi ya Bibi wa Bath yaanza kwa askari kumkamata msichana njiani na kumharibu kwa nguvu. Ndiyo sababu ahukumiwa kufa. Mwisho apata mke mzuri, na msichana yule hatajwi tena. Sisi twaona kwamba kicheko cha hadithi hizi mbili kina deni, na hakuna wimbo uwezao kulilipa deni hilo lote.

Ni nini basi kinachotuwezesha kuzisikiliza? Ni yule msimuliaji. Msimamizi asimulia kwa sababu ametukanwa, nasi twaiona chuki usoni pake. Ukatili wa hadithi yake watufundisha jinsi hasira imfanyavyo mtu kucheka maumivu ya wasio na hatia. Mwondoe Msimamizi, icheze hadithi peke yake, na mara kicheko kile chawa cha kwako wewe uliyeiweka jukwaani. Kadhalika Bibi wa Bath ni mwanamke aliyepigwa na mume wake wa 5 hata sikio lake moja likawa zito. Yeye akisema kwamba mwanamume hatapata raha mpaka ajifunze kumwachia mwanamke aamue, twajua maneno hayo ameyanunua kwa bei gani.

Na kuna hadithi moja ambayo hata msimuliaji hawezi kuiokoa jukwaani. Mama Mkuu, katika kitabu, asimulia kwamba Wayahudi walimwua mtoto Mkristo kwa sababu ya wimbo wake. Masingizio ya namna hii yalienea Ulaya yote zamani zile, nayo yalikuwa uongo, na kwa ajili yake Wayahudi wengi waliuawa. Uingereza iliwafukuza Wayahudi wake mwaka 1290, karibu miaka 100 kabla Chaucer hajaanza kitabu chake. Basi aliandika juu ya watu wasiokuwapo kujitetea. Katika mchezo Mama Mkuu yumo, na wimbo wake wa upendo umo. Hadithi yake hiyo haimo. Wako watu wasemao kwamba kazi ya kale isiguswe hata herufi moja. Twawajibu hivi: kitabu na kibaki kizima katika maktaba, kisomwe na kufundishwa pamoja na habari za wakati wake. Lakini jukwaa la kuchekesha lina saa chache na watu walioketi gizani kwa furaha, wala halina nafasi ya kuusahihisha uongo. Kuacha hapa ni busara.

Mchezo ulivuka bahari, ukafunguliwa New York mwezi wa Februari 1969. Mavazi yake, kazi ya Loudon Sainthill, mzaliwa wa Australia, yalipata tuzo ya Tony mwaka ule, yaani heshima kubwa ya majumba ya michezo ya huko. Lakini mchezo wenyewe ulichezwa mara 121 tu, na London mara 2,080. Tofauti hii yapaswa kuwafikirisha watu wa michezo. Mwingereza aliyeketi katika jumba la Phoenix alikuwa amesikia jina la Chaucer tangu shuleni. Mji wa Canterbury aujua, na barabara yake aijua. Mzaha juu ya mtu umjuaye huchekesha mara mbili. Mavazi mazuri na muziki mzuri huvuka bahari kwa urahisi, lakini ujuzi wa watazamaji haupakiwi melini.

Kwa wale miongoni mwenu, hasa walimu na wanafunzi, watakaotaka kuigeuza hadithi ya wazee wao kuwa mchezo wenye nyimbo, twayakusanya mafunzo ya kazi hii kwa maneno machache. Lugha ya mchezo iwe ya watu waketio mbele yenu, ieleweke mara moja itamkwapo, kama ilivyopasa redioni. Msiogope kubadilisha maneno, lakini tafuteni mwendo wa hadithi, yaani vina vyake, kiitikio chake, na mahali pa kunyamaza, mkaushike. Wimbo msiutie kwa ajili ya kupamba tu. Utieni pale mtu anapokuwa na jambo moyoni asiloweza kulisema kwa maneno ya kawaida. Chagueni bila woga, na jambo mliloliacha mjue kwa nini mmeliacha.

Zaidi ya hayo yote, msimwondoe msimuliaji. Kwetu pia hadithi haianzi mpaka mmoja aseme Paukwa na wengine waitikie Pakawa. Yule asemaye ni mtu mwenye umri wake, kazi yake, majirani wake na makovu yake, na wale waitikiao wana haki ya kumcheka, kumpinga, hata kumjibu kwa hadithi nyingine, kama Msimamizi alivyomjibu Mwenye Kinu barabarani. Kwa hiyo mtakapokwenda kwa mzee kuandika hadithi yake, andikeni pia alikuwa nani, aliisimulia wakati gani, na ni nani aliyecheka na nani aliyenuna. Mengi ya mchezo wenu yatakuwa yamo katika karatasi hiyo ya pili.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Kwaherini.